Usipake rangi juu ya kutu

Kama gazeti hili limekufikia kabla ya ibada, soma taratibu. Kama limekufikia ukiwa umerudi nyumbani na unasubiri chakula, basi vema zaidi, maana ninalotaka kusema leo linamfaa mtu aliyekwisha kukaa.

Leo nataka tuzungumze habari za magari ya zamani. Najua wengine mtashangaa. Mtasema, mwandishi wetu wa Jumapili amekosa la kuandika, sasa ametuletea habari za gereji. Nivumilie. Hata Bwana wetu alipotaka kuwafundisha watu mambo ya mbinguni aliwaanzia na chachu, nyavu na sarafu iliyopotea sakafuni.

Ukipita Gerezani siku ya Jumamosi, nyuma kidogo ya pilikapilika za Kariakoo, utakuta mafundi wamelala chini ya magari, wengine wanachomelea, wengine wananyoosha bodi kwa nyundo. Magari mengi ni haya haya ya kila siku, Toyota juu ya Toyota. Lakini mara mojamoja utaona pembeni, juu ya mawe, gari ambalo halina tairi hata moja, na mbele yake amesimama mzee mwenye suruali iliyonyooshwa pasi, anaongea na fundi kama mtu anayezungumza na daktari kuhusu mgonjwa wake. Inaweza kuwa Volkswagen ile yenye mgongo kama wa kobe. Inaweza kuwa Land Rover iliyokuwa ya misheni, au Datsun, au Peugeot. Mpita njia atauliza, "Mzee, hili si la kupeleka vyuma chakavu?" Mzee atacheka tu.

Mimi ni mmoja wa wazee hao. Kwa hiyo ninayosema leo nayasema nikiwa ndani ya kundi, sikusimama nje kuwanyoshea wenzangu kidole.

Mji wetu una namna yake ya kulipima gari. Tunaangalia herufi ya namba. Mwenye namba E anamtazama mwenye namba D kwa huruma, na mwenye namba A huulizwa kama bado linawaka. Serikali nayo hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu linaloingia nchini, na si vibaya, maana hatutaki nchi yetu iwe jalala. Katikati ya hayo yote, mtu anayechukua gari la mwaka 1968, akatumia miezi na fedha kulirudisha barabarani, anaonekana kama amerukwa na akili.

Lakini wapo, na wanaongezeka. Wanayatafuta magari hayo nyuma ya nyumba za Upanga, kwenye yadi za misheni mikoani, chini ya miembe ambako kuku wamefanya kiti cha nyuma kuwa mahali pa kutagia. Wenzetu wa Nairobi wamekuwa na mashindano ya kuonyesha magari yaliyotunzwa tangu mwaka 1971, na tangu mwaka 2003 yapo mbio za magari ya zamani zinazofuata njia za ile Safari Rally ya enzi. Hapa kwetu, ukiingia Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, utaona magari waliyotumia viongozi, likiwamo Rolls-Royce la Mwalimu Nyerere. Wanafunzi husimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya mafuvu ya kale. Kitu kilichotunzwa kinasema.

Gari langu ni Peugeot 404, na ilikuwa ya marehemu baba. Vijana wa leo hawaijui, lakini waliokuwa na akili zao miaka ya 1960 wanakumbuka kwamba Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiendesha gari la aina hiyo. Gia zake ziko kwenye usukani. Betri ikifa, unachukua hendeli, unaiingiza mbele, unazungusha, injini inaitika. Baba, aliyekuwa karani Bandarini, aliinunua mwaka 1974 kwa mkubwa wake aliyekuwa akiondoka nchini.

Gari lile halikuwa letu peke yetu. Mwanamke akipata uchungu usiku mtaani Ilala, waligonga mlango wetu, na baba aliwapeleka Muhimbili akiwa amevaa msuli. Jumapili tulijazana humo watu tisa kwenda kanisani. Na miaka ile ya shida ya mafuta, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, baba alihakikisha limeegeshwa nyumbani mapema. Mchana huo wote hakuna aliyekwenda popote. Tulikaa barazani, mama akagawa chai, baba akatueleza habari za bibi na babu. Nimewahi kusema kwamba katazo lile lilitupa Sabato ambayo mahubiri mengi yalikuwa yameshindwa kutupa.

Baba alipostaafu walihamia Mbagala. Gari likaenda nao, likaegeshwa chini ya mwembe, na baba alipofariki likabaki pale. Mvua ikawa yake, jua likawa lake.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo neno la leo linapoanzia.

Siku moja mdogo wangu, aliyekuwa akiishi na mama pale Mbagala, alinipigia simu akasema amepata watu wa vyuma chakavu. Walikuwa tayari kulikata gari na kulipima kwa kilo. Nilihisi kama mtu amenipiga kofi. Gari la baba, kwa kilo! Nilikwenda siku iyo hiyo, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa huu. Nilimwita mlafi. Nilimwambia hajui thamani ya kitu. Kesho yake nikaleta gari la kuvuta, nikalipakia gari la baba, nikalipeleka Gerezani. Mdogo wangu alisimama mlangoni, hakusema neno. Baadaye kidogo mama alihamia kwa dada yetu Morogoro, na mimi sikuwa tena na sababu ya kufika Mbagala. Mwaka mmoja na miezi minne ilipita hatujasemezana.

Nilipata fundi mzuri, mtu mzima, mwenye maneno machache. Siku ya kwanza nilimwambia nataka lipigwe rangi kabla ya Pasaka, niende nalo kanisani. Hakunijibu. Alichukua bisibisi, akainama, akagonga chini ya mlango. Bisibisi ikapita kana kwamba bati lile ni mkate. Akaniambia, "Mzee, naweza kukupigia puti leo, msasa kesho, rangi keshokutwa. Pasaka utakwenda nalo na watu watakupigia makofi. Masika ya kwanza tu, litachanua. Kutu haianzii nje. Inaanzia ndani, kwenye mikunjo, pale maji yanapotuama na hakuna anayeona. Ukiiona kwa nje, ujue ndani imekwisha kula."

Nikamuuliza, "Sasa tufanyeje?" Akasema, "Tukate kote kulikooza, tufike kwenye bati zima, tuchomelee upya. Rangi ni ya mwisho."

Mpendwa msomaji, nimesikia mahubiri mengi juu ya toba, na mimi mwenyewe nimeandika juu ya toba katika safu hii. Sijawahi kuielewa kama nilivyoielewa siku ile nikiwa nimechuchumaa kwenye oili. Yesu aliwaambia Mafarisayo kwamba wanafanana na makaburi yaliyopakwa chokaa, yanapendeza kwa nje na ndani yamejaa mifupa (Mathayo 23:27). Angekuwa anapita Gerezani, naamini angewaambia wanafanana na gari lililopigwa puti juu ya kutu. Ni wangapi kati yetu leo asubuhi tumevaa vizuri, tumeimba vizuri, tumetoa sadaka kwa mikono miwili, na chini ya mlango bisibisi ingepita?

Kazi ilianza. Nikaanza kuzunguka Kariakoo kutafuta vipuri. Nilianzia Shauri Moyo, nikaenda Msimbazi, nikarudi Gerezani, duka hadi duka. Vijana walinicheka. "Kabureta ya Peugeot? Mzee, hiyo aliiuza babu yangu." Jumamosi nne nilizunguka. Hatimaye nikaelekezwa kwa fundi mstaafu aliyekuwa na boksi la vyuma chini ya kitanda, na humo, imefungwa kwenye gazeti la zamani, ilikuwamo kabureta. Nilifurahi kama yule mwanamke wa Luka 15 aliyeipata sarafu yake, nikawapigia simu marafiki zangu wafurahi nami. Bushi ambazo hazikupatikana kabisa, fundi wa kukereza vyuma alizitengeneza kwenye mashine yake kwa kuangalia zile zilizoisha. Mikono ya watu wetu ina akili ambayo hatuiheshimu vya kutosha.

Na hapo niseme neno moja kuhusu mafundi. Katika 2 Wafalme sura ya 22 tunasoma kwamba mfalme Yosia aliamua kuikarabati nyumba ya Bwana iliyokuwa imebomoka. Fedha zikatolewa kwa maseremala, wajenzi na waashi, na mfalme akaagiza wasidaiwe hesabu ya fedha hizo, kwa sababu walikuwa watu waaminifu. Soma mwenyewe mstari wa 7. Biblia inaweza kumsifu mtu kwa kazi yake ya nyundo, bila kutaja kwamba aliimba au alihubiri.

Tunalalamika kuwa mafundi ni waongo. Wapo waongo, sikatai. Wapo wanaokuuzia kipuri bandia kwa bei ya halisi, na wanaotoa kizima kwenye gari lako wakaweka kibovu. Fundi mkristo anayefanya hivyo Jumatatu, wimbo wake wa Jumapili unamshitaki. Lakini tuseme na upande wa pili. Ni wangapi kati yetu tunamaliza kazi ya fundi, tunachukua gari, halafu tunaanza "njoo kesho," "mshahara bado," "si nilikupa ile ya mwanzo"? Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinamfikia Bwana wa majeshi. Kama una deni kwa fundi, usiliweke kwenye bahasha ya sadaka. Mungu hapokei fedha ya mtu mwingine.

Nalisema hili kwa kuwa fundi wangu alinifundisha jambo jingine, na halikuwa la gari. Siku moja tulikuwa tunakunywa chai, chapati mkononi, akaniuliza, "Mzee, hili gari la baba yenu. Ndugu zako wamelionaje?" Nikasema mdogo wangu alitaka kuliuza kwa kilo. Akauliza, "Alikuwa na shida gani?"

Nilibaki na chapati mdomoni. Sikujua. Mwaka mmoja na miezi minne, na sikuwa nimewahi kuuliza swali hilo.

Unajua, msomaji wangu, nilikuwa nimeizunguka Kariakoo yote Jumamosi nne kutafuta kabureta. Nilikuwa nimepanda daladala, nimetembea juani, nimebembeleza wenye maduka. Kutoka pale Gerezani hadi Mbagala ni safari ya basi moja, na sikuwa nimeipanda. Yesu alisema mtu akiwa ameleta sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza apatane naye (Mathayo 5:23-24). Angalia vizuri, hakusema ukikumbuka wewe una neno juu ya ndugu yako. Alisema yeye akiwa na neno juu yako.

Nilikwenda Jumapili ile ile baada ya ibada. Mdogo wangu alinikaribisha, akanipa kiti. Nikamuuliza. Akanijibu bila kupandisha sauti: "Kaka, mama alipovunjika nyonga nilikupigia. Ulisema utaangalia. Ulituma mara moja. Deni la hospitali lililobaki nilikopa. Watu wa mkopo walikuwa wanakuja hapa kila wiki. Sikuwa na kitu kingine cha kuuza."

Sikuwa na la kusema. Mimi niliyemwita mlafi ndiye niliyekuwa na fedha za kununua mlango wa gari bovu, na yeye ndiye aliyekuwa akimwosha mama yetu. Nilikuwa nimeokoa kumbukumbu ya baba na kumwacha mke wake chini ya mwembe.

Singependa kukudanganya kwamba tulikumbatiana tukalia, kama hadithi zinavyoisha. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kulipa deni lile lote. Nilimwomba msamaha, akasema amesikia. Tulikubaliana kiasi nitakachomrudishia kila mwezi, na bado namrudishia. Fedha ya rangi ndiyo iliyokwenda huko, na Pasaka mbili zimepita gari likiwa bado na rangi ya kijivu ya msingi. Mwezi uliopita alikuja Gerezani mwenyewe, hakuniambia. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha dereva, ameshika usukani. Alisema, "Linanuka kama baba." Kwa sasa hilo linatosha.

Basi, je, ni dhambi kukarabati gari la zamani? Kuna ndugu mmoja kanisani kwetu anayesema fedha hiyo ingenunua mabati ya kanisa. Simkubalii. Mungu aliyempa Bezaleli ustadi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kama tunavyosoma Kutoka 31, hachukii kazi nzuri ya mikono. Katika mji unaotupa kila kitu haraka, mtu anayetengeneza kilichoharibika anafanya jambo linalofanana kidogo na tabia ya Mungu. Tazama Soko la Kariakoo lenyewe, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, na paa zake kama miavuli iliyogeuzwa juu chini. Lilipoungua Julai 10, 2021, wapo waliodhani ndio mwisho wake. Lilikarabatiwa, likasimama tena, na jipya likajengwa kando yake. Cha zamani na kipya vinaweza kukaa pamoja.

Lakini burudani yoyote ya mkristo ina mipaka, nami naiona mitatu. Kwanza, uwe na haki nacho. Usinunue gari kwa mlinzi wa nyumba wakati mwenyewe yuko hai. Dai kadi, ulizia warithi, maana gari la urithi lina wenyewe wengi. Pili, lisile kilicho cha wengine, iwe ada ya mtoto, dawa ya mzazi, au mshahara wa fundi. Tatu, lisikufanye uwe mpole kwa chuma na mkali kwa watu. Nimewahi kujiona nikifuta vumbi kwenye dashibodi kwa kitambaa laini, na dakika hiyo hiyo nikimfokea mtoto aliyeleta maji.

Na kama huna gari la zamani wala hulitaki, neno hili bado ni lako. Katika nyumba nyingi za mji huu kuna chumba cha nyuma, na ndani yake yumo mzee au bibi ambaye hatumuulizi kitu tena. Anapewa chakula, anageuzwa, mlango unafungwa. Kuna kijana aliyeharibikiwa, ambaye familia imekwisha kumpima kwa kilo. Kuna ndoa iliyoegeshwa chini ya mwembe, haijauzwa wala haitembei, inaliwa na mvua. Mungu hafanyi biashara ya vyuma chakavu. Kwa kinywa cha nabii Yoeli aliahidi kurudisha hata miaka iliyoliwa na nzige. Lakini akianza kazi hiatumia puti. Atakata kwanza palipooza, na panapokatwa panauma.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijazama, nakuomba ufanye kitu kimoja. Yupo mtu ambaye ulimhukumu bila kumuuliza alikuwa na shida gani. Unamjua. Mpigie simu, au panda basi uende kwake, ukamuulize. Usianze kwa kujitetea. Uliza, halafu nyamaza, usikilize.

Bwana atupe ujasiri wa kumwachia aingize bisibisi yake mahali tunapopaficha, na subira ya kungoja rangi hadi mwisho.

Jumapili njema, na Mungu awabariki.